Wi-Fi imeshika, intaneti hakuna: namna ya kuichunguza laptopu ya mtumba kabla hujampelekea fundi

Mtu akikuambia "laptopu yangu haishiki intaneti", bado hajakuambia kitu. Huenda Wi-Fi haionekani kabisa. Huenda inaonekana lakini inakataa nenosiri. Huenda imeshika, alama ya mtandao imejaa, na bado hakuna ukurasa unaofunguka. Huenda tovuti tatu zinafunguka na ya nne, ile ya kuombea mkopo wa chuo inayofungwa kesho, inaleta onyo jekundu. Au kila kitu kinafunguka, ila kwa mwendo wa kukuudhi. Hayo ni magonjwa matano, na dawa ya moja haiponyi jingine. Ndiyo maana watu wanapiga Windows upya, wanalipa, wanarudi nyumbani na kukuta tatizo liko palepale.

Hapa Moshi laptopu nyingi zilizo mikononi mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika, walimu, wenye steshenari na vijana wa kampuni za utalii zilianza maisha kwenye maofisi ya Ulaya au Marekani: Dell Latitude, HP EliteBook na ProBook, ThinkPad za Lenovo. Nyingi ni za kati ya mwaka 2010 na 2015. Mimi nazipenda. Kibodi zake ni imara, spea zinapatikana, na zinafunguliwa kwa bisibisi ya kawaida. Lakini zilitengenezwa kabla ya intaneti ya leo, na zilikuwa na mwenyewe. Ukizichunguza utakuta hitilafu zake nyingi za mtandao zinatokana na umri huo au na kilichosahaulika humo na yule mwenyewe wa kwanza.

Hata hivyo, anza kwa kuuondolea mtandao lawama. Chukua simu, iunganishe na Wi-Fi ileile, kisha zima data ya simu. Watu wengi husahau hilo la mwisho, simu inaendelea kula kifurushi chake, na wao wanahitimisha kwamba Wi-Fi ni nzima. Kama simu nayo haifungui kitu, laptopu haina kosa. Bando limeisha, au kuna tatizo kubwa zaidi, kama lile la tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na nchi nzima ikabaki na intaneti ya kudondoka tone kwa tone. Siku ile kuna mafundi waliopelekewa mashine nzima kabisa.

Simu ikiwa inafungua na laptopu haifungui, sasa fanya kama anavyofanya mtu wa Kibosho maji ya mfereji yasipofika shambani: unaupanda mfereji hatua kwa hatua mpaka ufike palipozibwa. Njia ya intaneti ndani ya kompyuta ina vituo vyake. Kadi ya Wi-Fi iwe imewashwa na iuone mtandao. Ikubaliane na ruta kuhusu nenosiri. Ipewe anwani. Iweze kugeuza jina la tovuti kuwa namba. Iiamini hiyo tovuti. Ndipo brauza ichore ukurasa.

Kituo cha kwanza ndicho kinachowaabisha watu. Laptopu nyingi za ofisi za miaka ile zina swichi ndogo ya Wi-Fi ubavuni au upande wa mbele, ya kusukuma kwa kucha. Ikigongwa ndani ya begi inajizima, na hakuna kitu utakachobonyeza kwenye Windows kitakachoiwasha. Kwenye HP kuna kitufe chenye taa: ikiwa rangi ya chungwa, Wi-Fi imezimwa. Kwingine ni Fn pamoja na kitufe chenye mchoro wa mnara. Kagua hapo kwanza, halafu endelea.

Sasa, Wi-Fi imewashwa, mitandao ya majirani inaonekana, ila wa kwako hauonekani. Hili nimeliona karibuni kwenye steshenari moja jirani na stendi. Mama mwenye duka alikuwa na ProBook ya kuchapia, na intaneti yake alikuwa akiirusha kwa simu. Kijana fundi akaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii kompyuta imenichokesha. Inaona Wi-Fi ya saluni, inaona ya gesti, ya kwangu haiioni, na simu ninayo mkononi!"

"Simu ni ileile ya siku zote?"

"Hapana. Hii kaniletea mwanangu alipokuja Krismasi."

Kijana hakuigusa kompyuta. Aliomba simu, iPhone, akaingia kwenye mipangilio ya hotspoti, akawasha sehemu iliyoandikwa "Maximize Compatibility". Jina la hotspoti ya mama likatokea kwenye skrini ya ProBook.

Kilichotokea ni hiki. Wi-Fi husafiri kwenye masafa mawili makuu, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Kadi nyingi za zamani zinasikia 2.4 peke yake. Simu mpya, zikiwemo iPhone kuanzia 12, hupenda kurusha hotspoti kwa 5 kwa sababu ni ya kasi zaidi. Laptopu haikukataa kuunganishwa, haikusikia chochote. Kwenye Android mpangilio huo uko ndani ya hotspoti, mahali pa kuchagua bendi. Ukitaka kujua kadi yako ni ya aina gani, fungua Device Manager usome jina lake: ikiishia na herufi BGN bila A mbele yake, basi ni ya 2.4 tu, ukiona AGN, ABGN au AC, inasikia zote mbili. Wala usisikitike sana ukikuta BGN. Masafa ya 2.4 yanapenya ukuta wa tofali kuliko 5, na nyumba zetu zina kuta nene.

Kuna sababu nyingine tatu za mtandao kutoonekana au kugoma, na hizi hata mafundi wengine hawazifikirii. Ruta ikijiwekea chaneli ya 12 au 13, laptopu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huenda isiione, kwa kuwa kule kadi hufungiwa kuishia 11. Ingia kwenye ruta uweke 1, 6 au 11. Ya pili ni ruta mpya za Wi-Fi 6. Baadhi ya kadi za Intel, kama 7260, zikiwa na draiva (programu inayoiendesha kadi) ya zamani haziuoni kabisa mtandao wa aina hiyo, na dawa yake ni draiva mpya, wala si kununua kadi. Ya tatu ni ulinzi wa WPA3 uliotangazwa mwaka 2018. Ukiweka nenosiri sahihi na bado linakataliwa, rudisha ruta au hotspoti kwenye WPA2 ujaribu tena.

Na ukiona laptopu inashika ukiwa umekaa karibu na ruta, ukihamia chumba cha pili inakata, shuku antena. Waya za antena ni nyembamba, kwa kawaida nyeusi na nyeupe, zinapita kwenye bawaba hadi juu ya skrini, na zinashikizwa kwenye kadi kwa vibati vidogo kuliko punje ya mchele. Mtu akifungua mashine kuongeza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) au kufuta vumbi, na vumbi la hapa kwetu si la mchezo, ni rahisi mno kuzichomoa na kusahau kuzirudisha. Mashine haitatoa onyo lolote. Itakuwa tu kama imeziba masikio.

Tuseme sasa Wi-Fi imeshika vizuri, lakini Windows inasema hakuna intaneti. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika ipconfig. Tafuta mstari wa IPv4. Ukiona namba inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipachika yake. Zima ruta na uiwashe, au usahaulishe mtandao huo na kuunganisha upya. Ukiona namba ya kawaida kama 192.168 na kuendelea, lakini mafungu yake matatu ya mwanzo hayalingani na ya simu yako kwenye mtandao uleule, hapo umekutana na mwenyewe wa kwanza.

Ofisini kwake, mtaalamu wa kompyuta alimwekea anwani ya kudumu. Muuzaji aliyeileta mashine huku alifuta mafaili na kubadilisha picha ya ukutani, basi. Mipangilio ya mtandao ikabaki kama ilivyokuwa. Bonyeza tena Windows na R, andika ncpa.cpl, bofya kwa kitufe cha kulia kwenye kadi ya Wi-Fi, ingia Properties, chagua IPv4, na uhakikishe anwani na DNS zote mbili ziko kwenye "automatically". Mara nyingi hapo ndipo utakapokuta namba ya seva ya DNS ambayo ipo kwenye jengo fulani Ujerumani, na laptopu yako iliyoko Rau hapa Moshi inaendelea kuiulizia hiyohiyo kila siku.

DNS ndiyo inayogeuza majina kuwa namba. Kuipima ni rahisi. Kwenye dirisha lilelile jeusi andika ping 8.8.8.8, halafu ping google.com. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikashindwa, barabara ipo ila majina hayasomeki. Weka DNS ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwa mkono, kisha andika ipconfig /flushdns ili kumbukumbu mbovu zifutike. Zote mbili zikijibu na brauza bado haifungui kitu, tafuta proksi. Maofisi mengi hupitisha intaneti yao kwenye seva moja ya kati, na mpangilio huo husafiri pamoja na mashine. Kwenye Windows 10 uko ndani ya Settings, Network, Proxy; kwenye Windows 7 uko Internet Options, kichupo cha Connections, kisha LAN settings. Zima. Proksi usiyoiweka wewe inaweza pia kuwa imewekwa na kirusi, kwa hiyo ikijirudisha yenyewe baada ya kuizima, acha habari za mtandao kwanza ushughulikie kirusi. VPN ya kazini (programu inayopitisha intaneti kwenye mtandao wa ofisi) na antivirusi iliyokwisha muda navyo hukaa mlangoni vikizuia kila kitu. Viondoe kabisa, usiishie kuvifunga. Vikiacha vurugu, fungua cmd kama msimamizi, andika netsh winsock reset, uzime na kuwasha.

Mabaki ya mwenyewe wa kwanza yana sura moja mbaya zaidi. Umepiga Windows 10 mpya, umeiunganisha na intaneti wakati wa kuisanidi, na badala ya kukuuliza jina lako inakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya kazi. Mashine hiyo bado imesajiliwa kwa kampuni ile kwenye seva za Microsoft, na ni kampuni hiyo pekee inayoweza kuiachia rasmi. Fundi atakayekuambia aisanidi bila intaneti atakuvusha siku hiyo tu, maana utakapoisafisha tena itakurudisha palepale.

Sasa nije kwenye saa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotezewa hela. Dalili yake ni ya kipekee: brauza inafunguka, inaleta onyo kwamba muunganisho si wa faragha, na tovuti karibu zote zinagoma kwa pamoja. Angalia kona ya chini kulia ya skrini. Ukikuta tarehe 1 Januari ya mwaka wa zamani, usihangaike na ruta.

Tovuti inayoanza na https huja na cheti, na kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta ikikipokea inakilinganisha na saa yake yenyewe, haina saa nyingine ya kuuliza. Kama kwake ni mwaka 2010, cheti cha mwaka huu ni cha miaka mingi ijayo, na inakikataa kama mtu anayejali usalama wako. Kwa nini saa imerudi nyuma? Ndani ya mashine kuna betri ya mviringo, CR2032 ya volti 3, inayoitunza saa wakati umeme haupo. Baada ya miaka kumi imekufa. Laptopu ya mtumba mara nyingi ina betri kubwa iliyochoka pia, inayoishi kwa chaja tu, na hapo kila umeme unapokatika saa inapoteza kumbukumbu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "intaneti yangu huharibika kila TANESCO wakikata", amini maneno yake, ila usimtafutie ruta mpya. Mtafutie betri ya saa. Kwenye laptopu nyingi inakuja imevishwa plastiki na ina waya mbili zenye soketi ndogo, basi chukua picha ya ile ya zamani uende nayo dukani.

Kwa muda huo rekebisha tarehe kwa mkono. Usisubiri Windows ijirekebishe: kwa kawaida haikubali kusogeza saa iliyopotoka zaidi ya saa 15, na hilo ndilo linaloiacha ikikaa mwaka 2010 hata ikiwa na intaneti. Weka na ukanda wa saa sawasawa. Dar es Salaam haimo kwenye orodha ya Windows, chagua Nairobi, ni saa ileile.

Kuna mashine ambayo saa yake ni sahihi na bado baadhi ya tovuti zinagoma. Hiyo imezeeka kwa namna nyingine. Kompyuta hubeba orodha ya taasisi inazoziamini kutoa vyeti, na tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi sana, kiitwacho DST Root CA X3, kilifika mwisho wake. Mashine zilizosasishwa zilikuwa na mbadala wake tayari. Windows 7 iliyozimiwa masasisho ili kuokoa bando haikuwa nao. Njia ya mkato ni Firefox, kwa kuwa inabeba orodha yake yenyewe na haitegemei ya Windows. Tovuti isiyofunguka kwenye brauza nyingine ikafunguka humo, basi ugonjwa umeupata.

Lakini hiyo ni bandeji tu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Chrome ya mwisho kuikubali ni 109, Firefox ya mwisho ni 115. Windows 10 nayo ilifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza ya ulinzi kwa watu binafsi inaishia Oktoba 2026. Windows 11 haizitambui rasmi mashine hizi, kwa kuwa kwa upande wa Intel inadai prosesa ya kizazi cha nane na kuendelea. Kwa maoni yangu, laptopu ya Windows 7 ni ya kuchapia barua na kuangalia filamu; akaunti ya benki usiiingize humo. Mwenye RAM ya gigabaiti 4 ajaribu Linux Mint, toleo la Xfce. Inasasishwa bure, na kwa mtu anayefanya kazi zake nyingi ndani ya brauza tofauti ni ndogo. Ajaribu kwanza kwa fleshi bila kusakinisha, aone kama Wi-Fi inakubali, maana kadi za Broadcom mara nyingi hudai draiva ya ziada.

Na hapo linakuja fumbo la kila siku: mfumo mpya hauna draiva ya Wi-Fi, na draiva iko kwenye intaneti. Chomeka simu kwa USB, washa "USB tethering", na kompyuta itaiona simu kama waya wa mtandao. Isipoionesha, badilisha kebo kwanza. Nyingi za bei poa zinapitisha chaji tu. Kisha pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu. Dell wameandika herufi na namba, jumla saba, chini ya mashine, Service Tag, ukiziingiza kule unaletewa draiva zake hasa. Kadi ikiwa imekufa kweli, kiadapta kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka USB kinamaliza kazi. Usikimbilie kununua kadi ya ndani ikiwa una ThinkPad au HP ya miaka ile, kwa kuwa nyingi zinakataa kuwaka zikikuta kadi isiyo kwenye orodha yao.

Kuhusu uzito wa intaneti sitasema mengi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uangalie. Safu ya Disk ikiwa imeganda kwenye 100, intaneti yako haina neno, ni hard disk ya kuzunguka inayohema. Hela ya kwanza iende kwenye SSD (diski isiyozunguka), ya pili kwenye RAM. Ikiwa ni safu ya Network inayochemka wakati hupakui kitu, Windows inavuta masasisho kwa bando lako. Iambie mtandao huo ni "metered", yaani wa bando lenye kipimo. Na ikiwa Wi-Fi inalala kila ukiacha kuigusa kwa dakika chache, ingia Device Manager, fungua kadi, kichupo cha Power Management, ondoa tiki inayoiruhusu kompyuta kuizima.

Kwa anayekwenda kununua wiki hii: mengi ya haya unaweza kuyapima palepale kaunta. Usikubali kuoneshwa intaneti kwa Wi-Fi ya duka, tumia hotspoti ya simu yako. Muombe muuzaji aizime, achomoe chaja na betri kwa dakika kadhaa, airudishie, na wewe uangalie tarehe. Tazama ncpa.cpl na proksi. Kisha iache simu juu ya kaunta, ibebe laptopu mpaka mlangoni huku video inacheza. Ikikatika kabla hujafika kizingitini, muuzaji aifungue hapohapo aangalie zile waya mbili za antena kabla hujalipa.